Betri za Baba Juu ya Bati

Mimi ni fundi simu, na mafundi simu tuna ugonjwa mmoja: tukiona kitu kina betri tunadhani tunakijua. Kibanda changu kipo Utemini, Singida mjini, mlango wa pili kutoka kwa muuza mikate. Humo nimefungua simu za kila aina, redio, taa za sola, hata mzani wa duka wa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa hataki kabisa kununua mpya. Wateja wanausifu mkono wangu na kuulalamikia mdomo wangu. Nina hasira za karibu, sikatai. Mtu akiniletea simu aliyoiharibu kwa chaja ya kuokota, kwanza namsema, halafu ndiyo naitengeneza.

Mwaka mama alipohamia kwangu, hasira hizo zilinitokea puani.

Mama alikuwa na pumu tangu sijazaliwa. Mwaka huo ikazidi, akalazwa wiki mbili mwezi wa kwanza, na siku ya kutoka daktari akatuita mimi na baba, akauliza ni nani anayevuta nyumbani. Baba akatazama viatu vyake. Alikuwa anavuta tangu ujana, tumbaku ya kusokota mwenyewe kwa karatasi ya daftari, na nyumba yetu ya Sepuka ilinuka tumbaku hadi kwenye mito ya kulalia. Daktari hakumgombeza. Alisema tu kwamba mama akirudi kwenye moshi ule atarudi wodini, na safari nyingine huenda asitoke. Baba akaenda Sepuka peke yake, mama nikabaki naye mimi.

Masharti yalikuwa ya mama mwenyewe. Alisema atarudi kwake kuvuna alizeti, moshi ukiwa umekwisha, na kama haujakwisha atabaki mjini. Hakulia wala hakupandisha sauti. Lakini mimi niliyelala naye chumba kimoja najua alivyokuwa anaishi. Kila asubuhi alifagia uani kwangu, ambako hakuna cha kufagia. Aliuliza kuku wake wanalala wapi, nani anawafungia, kama mvua imefika Sepuka au imeishia Ikungi. Akimaliza kuuliza alikaa kitandani akatazama ukuta. Pale mjini hakuwa na kazi, na mama yangu akikosa kazi anakonda mbele ya macho yako. Nilitaka arudi kwake, na arudi akiwa mzima. Sikuwa na shida nyingine duniani mwaka ule.

Baba alijaribu, tumpe haki yake. Alitafuna miwa, akatafuna karanga, akatafuna mahindi ya kukaanga hadi jino likakatika. Aliacha kila Jumapili baada ya ibada na kuanza tena kila Jumanne. Kwenye simu alikuwa akimwambia mama kwamba ameshaacha, na mama akikata simu ananiambia, kwa sauti ya mtu anayesoma kalenda, kwamba mzee katoka kuvuta sasa hivi. Nilimuuliza anajuaje. Akasema mtu aliyeacha hasemi haraka namna ile.

Hapo ndipo akaja dereva mmoja wa lori, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye hupumzika Mkiwa kila akitoka Dar es Salaam. Aliniletea sigara ya umeme iliyokuwa imegoma kuwaka. Alisema ndiyo iliyomtoa kwenye sigara za kawaida, na bila hiyo hafiki Nzega bila kugombana na tingo wake, msaidizi wa garini. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na betri moja ya duara, nene kama kidole gumba, na nikacheka, kwa sababu betri za aina hiyo ninazo sanduku zima. Ndizo zinazopangwa ndani ya kompyuta mpakato, ndizo zilizo ndani ya tochi kubwa za walinzi na pawabenki. Nikasugua kutu pale betri inapogusana na chuma, ikawaka, na dereva akapuliza wingu la mvuke lililomfanya muuza mikate atoke nje kuuliza nini kinaungua.

Nilienda kumuuliza daktari. Hakufurahi. Alisema hiyo nayo si dawa, mvuke wake una madhara yake, na kile kitu cha kwenye tumbaku kinachomfunga mtu kimo humo humo. Asiipulize mbele ya mama, wala ndani ya nyumba, wala asijidanganye kwamba amepona. Ila kama mzee amejaribu yote akashindwa, na kama ataitumia kupunguza kidogo kidogo hadi aache vyote viwili, basi ni afadhali kuliko msokoto. Niliondoka na hiyo afadhali, nikaifanya ruhusa.

Dereva akaniletea moja safari iliyofuata, pamoja na maji yake ya kuvukiza na chaja ndogo yenye vitundu viwili. Betri hakuleta. Alinisisitizia ninunue mpya, zilizotengenezwa kwa kazi ile, kwa sababu kidude kile kinanyonya umeme kwa mkupuo mmoja, hakinyonyi polepole kama kompyuta. Nilimwambia betri ni kazi yangu, yeye aendeshe lori. Akacheka akaondoka. Nikachomoa sanduku langu chini ya meza, nikapima betri kadhaa za kompyuta zilizokufa, nikachagua mbili zenye volti nzuri. Moja ganda lake la plastiki lilikuwa limechanika karibu na kichwa. Nikalizungushia selotepu.

Jumamosi nikampelekea baba.

Baba ananiita mama. Nilirithi jina la mama yake mzazi, na kwetu mtoto wa namna hiyo anaheshimiwa kidogo na kudekezwa sana. Nikimwamkia shikamoo anaitikia, "Marahaba, mama," na nikimgombeza anawaambia majirani kwamba mama yake alikuwa hivyo hivyo, maji ya moto. Siku ile alinisikiliza mkono shavuni, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Chaja niliiunganisha na sola yake, ile inayowasha taa mbili na simu. Nikamweleza kwamba taa ikiwa nyekundu betri inakula, ikiwa ya kijani imeshiba, na ikishiba itolewe. Asichaji akiwa shambani wala akiwa amelala, akae nayo. Chaja isiwekwe juu ya godoro wala juu ya nguo, iwekwe juu ya tofali. Betri ya akiba isigusane na chuma chochote, isikae mfukoni na funguo wala sarafu, maana ikigusana na chuma mbele na nyuma inawaka. Nilipokuwa nasema hayo nikasikia kitu kinagongagonga. Betri ya pili alikuwa ameshaitia kwenye kopo lake la tumbaku, la chuma, pamoja na msumari na kifungo cha shati.

Nikampokonya kopo nikampa kisanduku cha sabuni cha plastiki. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii baba yake. Akasema haya, mama, nimeelewa. Kisha akayarudia yote niliyomfundisha, neno kwa neno, bila kukosea. Mwishoni akauliza zikichoka zinafanywaje. Nikamjibu kwa mkato kwamba zinachajiwa, si nimeshasema.

Alipuliza mara ya kwanza akiwa nje, chini ya ukuta wa zizi. Akakohoa, akatazama kile kidude mbele na nyuma, akasema kinanukia pipi za watoto wa shule. Maji aliyoleta dereva yalikuwa ya ladha ya embe. Jirani mmoja aliyekuwa anapita akauliza kama mzee siku hizi anakunywa mchuzi kwa mrija. Baba akaipa jina: filimbi. Jina likabaki.

Wiki za kwanza zilikuwa nzuri, na nikizikumbuka najisikia raha hata leo. Kila jioni baba alichaji betri huku ameketi mbele ya tofali, anaitazama kama mtu anayelinda maziwa yasifurike, na ikishiba anampigia mama simu kumwambia rangi ya taa. "Kijani," anasema. Mama anajibu, "Haya." Wanakata. Ndoa ya miaka arobaini na miwili ikawa maneno mawili kwa siku, na mama akayasubiri kama watu wanavyosubiri taarifa ya habari. Akaanza kula vizuri. Akaacha kuuliza kuku na kuanza kuuliza magunia, yako mangapi, panya hawajayatoboa. Siku moja nilimkuta anajipima pumzi kwa kutembea kutoka kwangu hadi msikitini na kurudi, akihesabu mara alizosimama.

Mwezi wa tatu ulipokuwa ukingoni, baba akaanza kulalamika kwenye simu. Filimbi haikai na chaji, alisema. Anaichaji asubuhi hadi kijani, kabla ya mchana imekata, na betri inakuwa ya moto mkononi. Nikamuuliza kama anaitoa kabla haijashiba. Akasema hapana. Nikamuuliza kama anachajia kwa chaja nyingine. Akasema hapana. Nikasema basi ni mawingu, sola haipati jua la kutosha. Akasema taa inafika kijani, mama, nachaji kama ulivyosema. Nikamwambia wote wanaoharibu betri husema hivyo hivyo.

Mama alikuwa amekaa nyuma yangu anachambua mchele. Aliniambia nisimseme mzee kama mteja. Nikamjibu kwamba wateja nao ni baba za watu, na bado wanaharibu. Nilikuwa na majibu ya kila kitu siku zile. Baba akapiga tena baada ya siku mbili, nikamkatisha kabla hajamaliza, nikamwambia arudie masharti yote tangu mwanzo aone ni lipi ameliruka. Akanirudishia masharti yote tangu mwanzo, polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayejua atapigwa tu. Hakulalamika tena baada ya hapo. Nilijisifu kwamba nimemnyoosha.

Simu za jioni zikaendelea. Kijani, haya. Kijani, haya. Katikati ya mwezi wa nne, mvua zikiwa zimepungua na alizeti imeanza kuinamisha vichwa, mama akaweka simu chini akaniambia mzee hasemi kijani kama alivyokuwa anasema. Nikacheka nikamuuliza kijani kinasemwa namna ngapi. Hakucheka. Alisema, "Nenda ukamtazame." Mama si mtu wa kuagiza mara mbili, kwa hiyo Jumamosi nilifunga kibanda, nikatia mita yangu ya kupimia na balbu ya pikipiki kwenye mkoba, nikapanda gari la asubuhi.

Kitu cha kwanza kilichonipokea pale nyumbani kilikuwa harufu, na haikuwa ya tumbaku. Kuta za ndani zilikuwa zimesiribwa upya kwa udongo mweupe. Mapazia yalikuwa yamefuliwa, mito imeshonewa foronya mpya, godoro lilikuwa nje juu ya mkeka linapigwa jua. Mzee aliyeishi maisha yake yote bila kujua ufagio unawekwa wapi alikuwa ameitoa tumbaku ndani ya nyumba ile hadi kwenye kona. Nikasimama mlangoni nikaupapasa ukuta.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, amevaa koti na jua linawaka. Nilimwamkia, akaitikia, lakini hakunipa mkono. Nikaunyoosha wangu ukabaki hewani. Akatoa wa kushoto, na kwetu hakuna mzee anayempa mtu mkono wa kushoto akiwa na wa kulia. Nikafungua koti. Kiganja cha kulia kilikuwa kimefungwa bandeji ya zahanati, chafu pembezoni, na vidole viwili vilikuwa vimetoka ngozi.

Nikageuka bila kujua natafuta nini, na nikakiona. Banda la kuku lina paa la bati la chini, usawa wa kifua cha mtu, na limeegemea jiko la mama ambalo paa lake ni la nyasi. Juu ya bati zilikuwa zimepangwa betri nne za redio, kubwa, zile nyekundu, zimelala kwa mstari zinaota jua. Mwisho wa mstari bati lilikuwa na doa jeusi.

Kwetu betri za redio zikichoka hazitupwi. Zinaanikwa juu ya bati kuanzia asubuhi hadi alasiri, na jioni redio inasema tena, walau hadi taarifa ya habari iishe. Bibi yangu alifanya hivyo, baba alifanya hivyo, na mimi nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa kwenda kuzigeuza zipate jua pande zote, kama tunavyogeuza michembe, viazi vitamu vya kukausha. Hakuna nyumba Sepuka isiyojua hilo. Nilipomfundisha baba juu ya chaja, godoro, funguo na sarafu, sikumwambia kwamba hizi zake ni betri za aina nyingine, na kwamba jua kali juu ya bati linaziua. Halikunijia hata akilini. Aliniuliza kwa kinywa chake zikichoka zinafanywaje, na mimi nikamjibu kwa mkato.

Alinieleza bila kunitazama. Betri zilikuwa zinachoka upesi, na alikuwa amechoka kunipigia. Akaona afanye wanavyofanya watu siku zote. Siku ya kwanza alizianika zote mbili akaona zimepata nguvu kidogo, akafurahi kwamba amepata dawa bila kunisumbua. Siku ya pili jua lilikuwa kali, la baada ya mvua. Alikuwa anachambua mbegu uani akasikia kitu kinalia kama sufuria inayovuja juu ya moto, na kugeuka akaona moshi unatoka kwenye betri moja, palepale karibu na nyasi za jiko la mama. Fimbo ilikuwa mbali. Akaikumba kwa mkono. Iling'ang'ania kiganjani kwanza, ndipo ikaanguka kwenye tope ikaendelea kutema moshi peke yake. Alitembea mwenyewe hadi zahanati. Hiyo ilikuwa siku kumi na moja nyuma, na siku zote kumi na moja alikuwa amempigia mama jioni na kumwambia kijani.

Hasira ilinipanda, na kama kawaida ikatafuta mtu wa kumshukia. Nikamwambia anipe betri iliyobaki. Akaitoa kwenye kisanduku cha sabuni, na pembeni yake alikuwa ameihifadhi ile iliyoungua, ameifunga kwa kitambaa, ili nije nione mwenyewe. Nikapima ile nzima. Volti zake zilikuwa nzuri, na nikafungua kinywa kuanza somo. Kisha nikaiunganisha na balbu ya pikipiki, nione inabeba mzigo. Balbu ikapata wekundu hafifu, na namba za mita zikaporomoka papo hapo. Nikaiacha ipumzike, nikarudia. Ikaporomoka tena.

Ilikuwa betri iliyokwisha. Ilikuwa imekwisha siku niliyoitoa chini ya meza yangu. Mle kibandani nilipima volti, sikupima pumzi, kwa sababu nilikuwa na haraka na nilikuwa najua kila kitu. Betri ya namna ile unaichaji inafika kijani upesi, inakata upesi, na inachemka mkononi, kama vile baba alivyonieleza kwenye simu, neno kwa neno. Nikaifungua ile iliyoungua kwenye kitambaa. Karibu na kichwa, penye mchaniko, kipande cha selotepu yangu kilikuwa kimeyeyuka na kugandia chuma. Jua lililegeza gundi, chuma kikagusa bati, bati likaunganisha mbele na nyuma. Jua peke yake huenda lingeivimbisha tu. Moto niliupeleka mimi kutoka Utemini.

Baba hakujua kusoma mita. Alikuwa ameketi ameinamisha kichwa, ameshajihukumu, anasubiri nimalize. Nilijua kwamba nikisema amekosea kuanika, atakubali, na itakuwa kweli, na hakuna mtu Sepuka nzima wala Singida nzima atakayejua lingine. Nilikaa na jambo hilo kwa muda ambao sijivunii.

"Baba," nikamwambia, "kosa ni langu. Betri nilizokupa zilikuwa chakavu. Ulikuwa unachaji vizuri siku zote."

Aliinua kichwa akanitazama. Sijui ni mara ngapi maishani mwangu nimemwambia mtu maneno hayo, kosa ni langu, lakini si nyingi, na yeye alijua. Hakusema nimekusamehe wala hakusema si kitu. Alivuta mkono uliofungwa akauweka juu ya goti, akauangalia.

"Na mimi nimevuta," akasema.

Nilikuwa sijamuuliza. Nyumba ilinukia udongo mpya, na yeye hakunuka chochote ila sabuni. Ningeondoka siku ile na kwenda kumwambia mama kwamba mzee ameungua mkono lakini moshi umekwisha. Aliendelea kunieleza taratibu, kwa Kinyaturu sasa, kwamba alivumilia siku tisa bila filimbi wala tumbaku, na mkono unamuuma hapati usingizi. Siku ya kumi alikwenda mwisho wa shamba akavuta msokoto mmoja. Kesho yake, wa pili. Alioga, akabadilisha shati, akampigia mama akasema kijani. Tangu hapo, alisema, chakula hakimpiti.

"Mwambie mama yako asije bado," akasema.

Nililia. Sikulia kwa sababu ya misokoto miwili. Nililia kwa sababu ya zile kuta. Alikuwa ameziandaa kwa mikono yake kwa ajili ya mtu mmoja, na sasa alikuwa anamzuia mtu huyo asizione, na hakuna aliyemlazimisha. Nilimfunga bandeji safi, nikashusha betri nne za redio kutoka kwenye bati, nikachukua zangu mbili mbovu. Nilimwambia nitatafuta mpya, zinazofaa, na nitakuja kuzichaji naye ya kwanza hadi ya mwisho. Alisema sawa, mama. Alinisindikiza hadi barabarani na mkono wake ndani ya koti.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama, na kila nilivyoyapanga yalikuwa mabaya. Nilimkuta ameketi uani kwangu, ufagio umelala pembeni. Nikamwambia yote kwa mpangilio wake: betri zilikuwa chakavu na ni mimi niliyezitoa, mzee alizianika, moja iliwaka, ameungua akiokoa jiko. Aliuliza ni mkono upi na kama vidole vinakunjika. Nikasema wa kulia, vinakunjika. Ndipo nikamwambia habari ya misokoto.

Aliuvuta ufagio karibu yake. Kisha akauliza kama nilimkuta ananuka.

"Hapana," nikasema.

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza. Alisema mwenyewe. Na amesema usije bado."

Mama akatazama mlango wa kibanda changu, uliofungwa kutwa nzima. Pumzi yake ilikuwa inasikika, lakini haikuwa ya kukoroma. Akasema kwamba kwa miaka arobaini na miwili ndiye aliyekuwa ananusa mashati ili ajue, na kwamba mzee hajawahi kumtajia hata msokoto mmoja, hata siku waliyombeba kumpeleka wodini. Akasimama akaingia ndani. Nikamfuata. Alikuwa anauvuta mfuko wake kutoka chini ya kitanda.

Nilimkumbusha daktari alivyosema. Nikamkumbusha alizeti bado wiki kadhaa, na mkono wa mzee haujapona, na betri sijazipata, na sharti alikuwa ameliweka yeye mwenyewe. Nilipandisha sauti, kama ninavyofanya nikiogopa. Alinisubiri nimalize. Alisema kwa daktari tutapita Jumatatu, na atamweleza mwenyewe kwa nini anarudi.

"Moshi ninaoambiwa nitaukwepa," akasema. "Ule niliofichwa ndio ulionilaza."

Akaanza kukunja nguo zake, na mimi nikakaa ukingoni mwa kitanda nikawa nampa moja moja.